Msafiri na Choo Chake

Nchini New Zealand zipo familia nyingi zisafirizo kwa gari lililo nyumba: humo hupikwa na humo hulaliwa. Je, kwenda haja?

Wengi hubeba choo cha plastiki chenye matangi mawili. La juu lina maji ya kusafishia. La chini, lenye kilango kizuiacho harufu, hupokea uchafu, nao humwagwa kwenye kituo maalumu, si mtoni. Mafundi wa nyumbani hukiundia sanduku la mbao, ambalo mchana huwa kiti, na pazia la kuhifadhi heshima. Wengine hutosheka na ndoo na maranda.

Lakini uchafu ulipozagaa kando ya maziwa na fukwe, ilitungwa sheria mwaka 2011, ikakazwa mwaka 2023: gari litakalopewa hati ya kulala pasipo vyoo vya umma sharti liwe na choo kilichofungwa imara ndani yake. Cha kubebwa hakitoshi. Wenye magari madogo wamelalamikia gharama, na malalamiko yao yana uzito.

Hata hivyo, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wala hawezi kupona mwenyeji aliyeachiwa uchafu mlangoni.