Mavazi ya Mama Mwenye Kazi Wakati wa Kipupwe

Mtu wa pwani akiambiwa kwamba Tabora kuna baridi, hucheka. Amesikia habari za baridi ya Njombe na ya Lushoto, wala hadhani ya kuwa mji wenye miembe na mashamba ya tumbaku waweza kumtetemesha mtu. Mwacheni aje akae nasi mwezi wa Julai, aamke saa kumi ya usiku ateke maji, kisha aseme. Nchi yetu imeinuka kadiri ya mita 1,200 juu ya bahari. Mvua zikiisha, mbingu hutakata, na kwa kuwa hakuna wingu la kuzuia joto la ardhi lisitoroke usiku, alfajiri za Juni na Julai hushuka mpaka nyuzi 15 hivi, na siku nyingine chini ya hapo. Juu ya hayo upepo wa kusini-mashariki huvuma, mkavu, umejaa vumbi. Walakini siku iyo hiyo, ifikapo saa nane ya mchana, joto limekwisha kupanda karibu na nyuzi 28, na mtu aliyetoka kwake amejifunika blanketi hutafuta mahali pa kulitua.

Hapo ndipo penye shida. Huko Ulaya baridi ikiingia hukaa miezi, na mtu avaaye koti asubuhi hulivaa na jioni. Picha za mavazi ya baridi zinazotoka London au Paris zimewekwa kwa ajili ya watu hao. Sisi tuna baridi ya saa tano tu kwa siku, tangu saa kumi ya usiku hata saa tatu ya asubuhi, nazo ndizo saa ambazo mama mwenye kazi yuko njiani.

Nikisema mama mwenye kazi, nawawaza wengi. Mimi ni mwalimu, na shule yangu iko mwendo wa dakika hamsini kwa miguu. Jirani yangu huuza uji na chapati karibu na stesheni, na yampasa awe amekwisha kuwasha moto kabla jogoo hajawika mara ya pili. Mwingine ni muuguzi arudiye kutoka zamu ya usiku. Wako na wale wa vijijini wanaokaa chini toka asubuhi wakipanga majani ya tumbaku kwa madaraja yake. Wote hawa nimewaona wana desturi moja, nayo ndiyo iliyonisukuma kushika kalamu: wakivisha nyumba, hujivisha wao mwisho. Watoto hununuliwa sweta za shule, baba hupata koti, mchanga hupata kofia, kisha mama hutoka na kanga moja mabegani, amekunja mikono kifuani, na akiulizwa husema hasikii baridi. Kanisani tunapenda kumsifu yule mwanamke wa Mithali 31 kwa sababu aliwavika watu wa nyumba yake. Mstari ufuatao wasema kwamba yeye mwenyewe naye alikuwa amevaa nguo nzuri sana, na huo sisikii ukihubiriwa mara nyingi.

Tena si ajabu jambo hili kuonekana Tabora, maana mji huu ulikua kwa nguo. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilinunuliwa hapa kwa nguo, hongo ya watemi ililipwa kwa nguo, na posho ya njiani ilinunuliwa kwa nguo. Burton na Speke, waliofika Kazeh mwezi wa Novemba 1857 baada ya safari ya zaidi ya miezi minne, walikuta biashara hiyo imekwisha kutengemaa. Nguo iliyotakwa sana ilikuwa merikani, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja kwa merikebu za Salem. Ndiyo sababu ya jina lake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, viliifanya iwe adimu, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikajaza nafasi. Kaniki nayo, ile ya buluu iliyoiva, ilitoka Bara Hindi. Mikono minne iliitwa shuka, na shuka mbili ni doti, neno tulitumialo hata leo tununuapo kanga.

Nguo hizo zilifungwa mizigo mirefu iliyokazwa sana, ratili 60 au 70 kila mmoja, na mzigo mmoja uliitwa mtumba. Mtu wa pwani alichukua kichwani. Mnyamwezi alichukua begani, akatembea nao toka Bagamoyo mpaka hapa. Ndani ya mtumba mmoja mlikuwa na nguo za kuvika jamaa nyingi, na aliyeuchukua alikuwa na shuka yake moja kiunoni. Wake wa wapagazi walifuatana na waume zao mara nyingi, wakabeba vyungu na unga na watoto migongoni, na jioni wakapika kambini. Msafara uliondoka mapema sana ili upumzike kabla jua halijawa kali, na majira ya safari yalikuwa kiangazi. Basi wanawake wale waliijua alfajiri ya Julai kuliko mimi. Kabla nguo za pwani hazijaenea, Wanyamwezi walivaa ngozi na nguo za magome ya miti, tena wako waliofuma pamba yao wenyewe ikawa nguo nzito. Nadhani nguo ile ilifaa kipupwe kuliko merikani, lakini merikani ndiyo iliyokuwa na heshima, na heshima hushinda baridi kwa watu wengi.

Neno lenyewe halikufa. Tangu biashara ilipolegezwa katika miaka ya 1980, nguo zilizovaliwa ng'ambo zimeingia nchini kwa wingi, nasi twaziita mitumba. Basi mama asiye na fedha nyingi na aende huko, ila aende na macho yake. Sweta za sufu na za nailoni hukaa katika fungu moja, na kwa kutazama tu hufanana. Ukikosa kibandiko cha ndani, mwombe muuzaji uchomoe uzi mmoja mshononi, uuchome kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua, huzimika upesi, na jivu lake husagika vidoleni. Pamba hunuka kama karatasi. Nailoni na jamaa zake huyeyuka, wakaacha kishanga kigumu. Hii ya mwisho isikaribie moto wa kupikia. Nimeona mkono wa mama aliyeinamia mafiga na sweta ya namna hiyo: iliyeyuka ikagandamana na ngozi, na kuitoa kulikuwa kuchungu kuliko kuungua kwenyewe.

Ukiisha kupata ya sufu, usiichemshe. Jirani yangu aliitia yake katika maji yanayotokota ili aue chawa, ikatoka kiasi cha kumfaa mwanasesere. Ifue kwa maji baridi na sabuni kidogo, uikamue kwa kuibana bila kuisokota, uitandaze kivulini juu ya mkeka. Ukiwaogopa wadudu, tandaza juu yake kitambaa kibichi, upige pasi ya moto.

Sasa juu ya kuvaa. Kinachotia joto ni hewa iliyokamatwa kati ya nguo na nguo. Kwa hiyo nguo tatu nyepesi hushinda moja nzito, tena huvulika moja moja kadiri jua linavyopanda. Mimi huvaa fulana ya pamba, blauzi, sweta nyembamba ya sufu yenye vifungo mbele, na sketi ya kitenge juu ya shimizi. Kanga hukaa mabegani hata nifike shuleni. Kipindi cha pili navua sweta, na kilichobaki ni vazi lipasalo mwalimu kusimama nalo mbele ya watoto. Vifungo vya mbele ni lazima kwa anyonyeshaye, maana sweta ya kuvutia kichwani humlazimisha kujivua mbele za watu kila mtoto aliapo. Katika rangi, kitenge kikiwa na maua mengi, sweta iwe ya rangi moja, nayo iwe ile iliyo chache zaidi katika kitenge. Macho huiokota na mavazi yote huonekana yamepangwa. Nyeupe iacheni mpaka mvua. Vumbi letu la Julai huigeuza siku ya kwanza.

Lakini sweta haitoshi kwa atembeaye saa kumi na moja alfajiri, na hapa niwaeleze habari ya koti. Marehemu baba mkwe wangu alikuwa gadi wa treni, akisafiri usiku katika njia ya Kigoma, na kazini alipewa koti refu la sufu nyeusi lenye vifungo vya shaba. Alipofariki, mama mkwe wangu alilitia sandukuni pamoja na majani ya mwarobaini, nondo wasilile. Miaka kumi na mmoja lilikaa humo. Kila Juni alilitoa akalianika, akalirudisha.

Mwaka nilipopata mtoto wangu wa tatu, nilirudi kazini Julai naye akiwa na miezi minne. Mama mkwe alikuja kukaa nasi. Asubuhi moja akaniona natoka, akauliza, “Mwanangu, sweta yako i wapi?” Nikamjibu, “Ipo, mama, mkubwa ameivaa kwenda shule.” Hakusema neno. Wiki iliyofuata alilileta koti toka kwake, akaniambia nilipeleke kwa fundi alikate linienee.

Wifi yangu mkubwa aliposikia, alikuja siku iyo hiyo. Alisema kwamba nguo za baba zilikwisha kugawiwa kwa utaratibu, na koti lilibaki liwe ukumbusho wake. Likivaliwa, avae mwanawe wa kiume. Tena mkamwana hakai hata katika kiti cha baba mkwe wake, sembuse kujifunika koti lake. Ninyi mliozaliwa huku mwajua ya kuwa hakusema neno la upuuzi. Heshima ya ukwe si kitu cha kuchezea, nami nilikuwa tayari kuliacha. Mama mkwe akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Baba yako alipewa koti hili kwa kuwa alifanya kazi usiku. Huyu hutoka usiku. Mwataka sanduku ndilo lisikie joto?” Wifi akanyamaza, ila hakula kwetu siku ile.

Fundi ndiye aliyepata njia. Alifumua mishono yote, mikono, kola na bitana, vikawekwa mezani mbele ya wifi kama vipande vya kitambaa tu. Wifi akavitazama, akavikata vifungo vya shaba kimoja kimoja, akavifunga katika leso yake. Mpaka leo anavyo. Mimi nilitia vifungo vya mti.

Wengi huniuliza juu ya mshono wake, basi nitaueleza. Fundi alilikata liishie nyongani, kwa sababu koti refu huzoa vumbi na hunasa katika baiskeli. Ndani alitia bitana ya kitenge, nayo nikikunja mikono kidogo huonekana kama pambo. Mgongoni alifungua mshono wa kati, akaweka kipande cha akiba chenye vifungo pande zote mbili. Nikimbeba mtoto kwa mbeleko, nakifunga kipande kile na koti latufunika sote wawili, kichwa cha mtoto kikibaki nje. Nikiwa peke yangu nakitoa, koti hurudi kuwa jembamba. Pindo lililokatwa chini lilitosha kofia ya mtoto na kizibao.

Kofia isidharauliwe. Wauguzi hutuambia mtoto mchanga avikwe nguo moja au mbili kuzidi mtu mzima, na kichwa chake kifunikwe, maana joto lake hutoka upesi. Ila msijaribu kumtia joto kwa kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hewa itokayo katika mkaa ina sumu, haina rangi wala harufu, na aliyelala huivuta mpaka asiamke. Jiko likae nje, na mtoto alale kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, blanketi juu yao.

Na miguu, nimekaribia kuisahau. Kandambili wakati wa umande wa alfajiri hazifai. Viatu vya kufunika na soksi za pamba vyatosha, na soksi zivuliwe shuleni zianikwe dirishani, zikauke kabla ya safari ya kurudi.