Dhahabu ya Chunya na Baraka ya Chumo

Neno "machimbo" limeenea siku hizi katika baraza zetu za Temeke na Kinondoni. Kijana akimaliza masomo asipate kazi, au biashara yake ikimwendea kombo, husikia ya kuwa fulani alikwenda Chunya na sasa amejenga. Naye hufunga mzigo wake akaenda. Hatuna sababu ya kumlaumu, kwani kutafuta riziki ya halali ni ibada. Lakini katika mitaa yetu wamo akina mama ambao waume zao waliondoka hivyo, mwaka ukapita na wa pili ukaingia, wala hapana simu, wala salamu, wala fedha za matumizi. Kwa ajili ya hao, na kwa kuwa Mwenyezi Mungu alitujaalia kuufikia mji huo wenyewe, tumeona yatupasa kuandika haya.

Chunya ni mji mdogo ulio nyuma ya milima ya Mbeya. Atokaye Dar es Salaam hupita Morogoro na Iringa hata akafika Mbeya, na hapo gari huanza kupanda. Tulipanda katika ukungu na baridi ambayo sisi watu wa pwani hatukuizoea, kisha tukateremka hata tukaingia katika joto na misitu ya miombo. Njia hiyo, ambayo leo ni ya lami, zamani watu waliipita kwa miguu. Dhahabu ya mto Lupa ilipojulikana katika miaka ya 1920, watu walimiminika huko: Wazungu kutoka ng'ambo, na vibarua kutoka Rungwe na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Mgodi mkubwa wa Saza ulifanya kazi mpaka mwaka 1956, kisha ukafungwa. Mitambo ikanyamaza, wageni wakatawanyika, na wengi wa waliobaki wakashika jembe, wakalima mahindi na tumbaku.

Mzee mmoja wa huko alituonyesha shimo la zamani lililokwisha kuota miti. Akatueleza kuwa baba yake alichimba katika mashimo kama hayo tangu ujana hata akaota mvi. Dhahabu yote aliyoitoa hapana ajuaye iliishia wapi, lakini kisima alichowachimbia majirani wanateka maji mpaka leo.

Sasa dhahabu imerudi kuwa gumzo la mji. Mwaka 2019 serikali ilianza kufungua masoko ya madini nchini, na Chunya ikapata lake. Tuliona maduara yanavyochimbwa, mawe yanavyosagwa katika makarasha, na mchanga unavyooshwa mwaloni. Tuliona pia vijana wakichanganya zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma juu ya moto karibu na mahali pa kulala, na ilhali moshi wake ni sumu ya ubongo na figo. Yafaa wazazi wawaonye watoto wao kabla hawajaondoka.

Huko tulikutana na kijana wa Mbagala, mwenye mke na mtoto mmoja. Tulipomuuliza kwa nini hapigi simu nyumbani, aliinamisha kichwa, akasema ataanzaje kupiga mikono mitupu. Tukafahamu ya kuwa wengi wa walionyamaza hawakusahau, wameona haya. Tukamwambia: mwanetu, Mwenyezi Mungu katika Surat At-Talaq ameweka wajibu wa matumizi kwa kadiri ya uwezo wa mtu, wala hakumkalifisha aliye na kidogo atoe kingi. Tuma elfu tano ukiwa nayo, na usipokuwa nayo, tuma sauti yako. Haya ya mume ni mzigo anaoubeba mke asiyejua kama yeye ni mke au mjane.

Wale waliopata nao wana wajibu wao. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, dhahabu iliyotoka mgodini ikifika nisabu ya mithqali 20, yaani gramu 85 hivi, hutolewa robo ya sehemu ya kumi mara inapokwisha kusafishwa, wala haingojewi mwaka. Na mabwana wa Kihanafi wamesema ni sehemu ya tano. Imamu Malik amepokea katika Muwatta ya kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpa Bilal bin Harith al-Muzani migodi ya Qabaliyya, na zaka yake ikatolewa. Basi asidhani mtu ya kuwa alichokitoa kwa jasho lake chini ya ardhi hakina haki ya maskini ndani yake.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kilwa yetu ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala. Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1331, alimkuta Sultani Hasan bin Sulaiman akiitwa Abul-Mawahib, yaani mtu wa vipawa, kwa wingi wa utoaji wake. Leo dhahabu ile haipo. Lakini kuta za Msikiti Mkuu zingali zimesimama, na sifa ya ukarimu wake ingali inasomwa.

Ewe kijana unayefunga mzigo leo: madini hayaoti tena kama mahindi, na kila mgodi una siku yake ya mwisho. Kabla hujapanda gari, waachie watu wako chakula na ahadi ya siku ya kurudi. Ukipata, toa zaka kwanza, kisha simamisha kitu kitakachobaki: nyumba ya wanao, ada ya chuoni, au kisima. Nanyi wazazi, msiwapokee wanenu kwa kutazama mkoba tu, kwani mlango unaofunguka kwa mwenye dhahabu peke yake ndio unaowaweka wengine milimani.

Mwenyezi Mungu awarudishe salama walio mbali, na azitie baraka chumo zetu. Amin.