Nani Amwangaliaye Mwenye Kutibu Nafsi?

Ndugu msomaji, mimi nimelelewa katika vyuo vya Qur'ani, na desturi tuliyopewa huko na mashekhe zetu ni kwamba kabla hujakifungua kitabu, uulize kwanza: aliyekitunga ni nani, kasoma kwa nani, na nani kampa ijaza? Wapokezi wa hadithi walipimwa hivyo mmoja mmoja, ukweli wao na hifadhi yao, wala haikutosha kuwa maneno ya mtu yanapendeza. Basi mwanangu wa mwisho, ambaye anasomea ushauri nasaha, aliponiletea hapa Handeni vitabu vya wataalamu juu ya adabu za wanaotibu nafsi kwa mazungumzo, na juu ya kusimamiwa kwao, sikuanza na mlango wa kwanza. Nilimwambia anisomee habari za waliovitunga.

Nikastaajabu, kwani nilidhani wote watakuwa madaktari. Kumbe sivyo. Freud wa Vienna alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, lakini mwanafunzi wake Theodor Reik hakuwa daktari kabisa, elimu yake ilikuwa ya saikolojia na vitabu. Akashitakiwa huko Vienna kwamba anatibu watu bila ya udaktari, na mwaka 1926 Freud mwenyewe akaandika kitabu kizima kumtetea, akisema kazi hii si lazima awe nayo daktari peke yake, ila lazima awe amefunzwa. Carl Rogers wa Marekani, ambaye washauri wa leo wanamtaja sana, alianza kwa kusomea uchungaji wa kanisa mjini New York mwaka 1924, kisha akahamia chuo cha ualimu. Mwingine mchungaji, mwingine mwalimu, mwingine tabibu. Kila mmoja ameuingia mlango huu akitokea kwake.

Na sisi Waislamu tusijione wageni hapo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa karibu na Balkh mwaka 850 na kufariki mwaka 934, alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi. Humo alieleza kwamba nafsi nayo huugua kama mwili unavyougua, akaipambanua huzuni ambayo sababu yake yajulikana na huzuni ambayo mwenyewe hajui imemtokea wapi. Huyu naye hakujulikana kwa utabibu. Wamjuao wanamtaja kwa elimu ya ramani za dunia, na katika ujana wake alikuwa akisomesha watoto. Mwalimu wa watoto, kama mimi! Nilifurahi niliposikia hayo, kisha furaha ikaniisha upesi. Sababu yake nitakwambia.

Mwaka 1994 nilikuwa na chuo changu hapa Handeni, kijana wa miaka thelathini na kitu, na watu walikwisha anza kuniletea wagonjwa wao niwasomee. Kuzingua nilijua, kombe nilijua kuandika, na sauti Mwenyezi Mungu alinijaalia. Akaletwa mwanamke mmoja, mzazi, hajatimiza hata miezi miwili tangu ajifungue. Halali, halishiki chakula, analia bila ya neno. Nikasoma siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu mama yake alitoka kwenda kuteka maji, na yule mwanamke akanong'ona: Maalim, linanijia wazo la kumtia mtoto kisimani, na mimi nampenda mwanangu, nifanye nini?

Nilishikwa na hofu. Usiku ule ule baada ya Isha nikamwendea mumewe nikamwambia yote, tena kwa maneno mazito kuliko aliyoniambia mkewe, kwa kuwa nilikwisha jihukumia kuwa ni shetani. Asubuhi mtoto akachukuliwa, na mwanamke akarudishwa kwao na talaka yake mkononi. Mimi nikaendelea kuwapelekea kombe, wakampa anywe, miezi mitano. Mwisho kaka yake alichoka, akampeleka hospitali, na huko akatibiwa akapona.

Sasa, usinielewe vibaya. Kulikuwa na roho ya mtoto, na roho ya mtoto haifichiwi siri. Kusema ilikuwa wajibu. Lakini ningeweza kumwita mama yake kwanza, nikamwomba asimwache peke yake na mtoto hata dakika moja, kisha nikampeleka kwa muuguzi siku hiyo hiyo. Ningeweza kumweleza mumewe kwamba mkewe ni mgonjwa, kwani ni ugonjwa unaojulikana, unawapata wazazi, na aliyeniambia alikuwa akiomba msaada, hakuwa akitoa kitisho. Sikufanya hata moja katika hayo. Nilikuwa sijui, na sikujua kuwa sijui.

Nilipomweleza ustadhi wangu, aliyekuwa Korogwe, hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: “Ulimuuliza nani?” Sikumuuliza mtu. Katika Qur'ani nilikuwa na ijaza yake, na kila herufi niliyotamka aliisikiliza miaka saba kabla hajaniruhusu kusomesha. Katika nafsi za watu hakunisikiliza mtu hata siku moja.

Hapo ndipo ninapowaona wale watungaji wa vitabu wamegusa jambo. Mjini Berlin mwaka 1920 ilifunguliwa zahanati ya tiba hii, na Max Eitingon, ambaye alikuwa daktari, akaweka utaratibu kwamba mwanafunzi asitibu peke yake: amtibu mgonjwa, kisha aje amweleze mkubwa wake alichosikia na alichojibu. Watu wengi wakidhani jambo hili ni la Ulaya, wamwangalie al-Ruhawi, mwandishi wa karne ya 9 aliyetunga kitabu cha adabu za tabibu. Alitaka tabibu aandike hali ya mgonjwa tangu siku ya kwanza, na mgonjwa akifa, maandishi yale yatazamwe na matabibu wenziwe, wapime kama alifanya ipasavyo. Na hadithi tunayoisoma katika Abu Daud yasema kwa maana hii, kwamba anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, dhamana ya madhara ni yake. Nilikuwa nikiisomesha hadithi hiyo. Niliisomesha kwa ajili ya waganga wa mizizi.

Na jambo hili si la watu wachache. Mwaka 2003 Ngoma, Prince na Mann walichapisha uchunguzi wao wa Dar es Salaam: katika waliokwenda zahanati, asilimia 24 walikuwa na maradhi ya kawaida ya nafsi, huzuni na wasiwasi na mfano wake, lakini katika waliokwenda kwa waganga ilikuwa asilimia 48. Maana yake wagonjwa wa nafsi wako barazani kwetu, wanatuamini kuliko wanavyoamini hospitali. Tena hospitali si mbali. Lutindi iko juu milimani hapo Usambara, wilaya ya Korogwe. Wamisheni wa Kilutheri kutoka Ujerumani walipaanzisha mwaka 1896 kulea watoto waliookolewa utumwani, na mapema karne ya 20 pakawa pa wagonjwa wa akili mpaka leo. Wazee wetu wengine waliona haya kupeleka mtu huko kwa kuwa ni pa wamisheni. Haya hiyo imegharimu watu.

Malik Badri, Msudani, bingwa wa saikolojia aliyefariki mwaka 2021, alituonya tangu miaka ya 1970 tusiwafuate Wazungu kila shimo wanaloingia. Namkubali. Lakini yeye mwenyewe alikwenda akasoma kwao mpaka akapata shahada ya juu Uingereza, akafunzwa hospitalini, ndipo akawakosoa. Wenzangu wengi wameshika onyo lake na kuacha kusoma kwake.

Ustadhi wangu amekwisha tangulia mbele ya haki. Siku hizi kila mwezi napanda basi kwenda Korogwe, kwa muuguzi mmoja mstaafu wa wagonjwa wa akili, si wa dini yetu, na imamu mwenzangu huja akaketi nasi. Nawaeleza walionijia bila ya kutaja jina la mtu wala kijiji chake. Mara nyingine muuguzi ananiambia: huyu msomee, Maalim, na keshokutwa aje zahanati. Mara nyingine ananiuliza swali nikose jibu.

Yule mwanamke nilikutana naye sokoni Korogwe miaka mingi baadaye, kaolewa tena, ana watoto. Aliniamkia shikamoo kwa heshima yote. Kisha akasema, bila ya ukali, “Maalim, mimi nilikuambia wewe.” Nikamwomba radhi pale pale mbele ya wauza ndizi. Aliitikia kwa kichwa, akachukua kikapu chake akaenda zake, na mpaka leo sijui kama alinisamehe.