Kimo Kifupi, Jina Zito

Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Hata hivyo, anapozaliwa mtoto mwenye mikono na miguu mifupi, kichwa kikubwa na paji lililotokeza, aghalabu jamii huona kuwa huyu ameumbwa vibaya. Mama husingiziwa kuvunja mwiko, na ukoo ukanong'ona kuhusu laana.

Sayansi imekwisha kukitegua kitendawili hicho. Hali hiyo huitwa akondroplasia, na ndiyo inayojulikana zaidi miongoni mwa hali adimu za kurithi zinazoathiri ukuaji wa mifupa. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 25,000. Mnamo mwaka wa 1994, watafiti walibaini kuwa chanzo chake ni badiliko dogo katika jeni iitwayo FGFR3. Kazi ya jeni hiyo ni mfano wa hatamu: huzuia gegedu la ncha za mifupa lisikue kupita kiasi. Ikibadilika, hatamu huvutwa pasipo kulegezwa, na mifupa mirefu ikakawia kurefuka. Mzazi mwenye hali hii ana uwezekano wa asilimia 50 kumrithisha kila mtoto wake. Lakini takriban asilimia 80 ya watoto hawa huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Badiliko huanzia kwa mtoto mwenyewe. Mwiko uliovunjwa uko wapi?

Akili za mtoto huyu ni timamu. Anachohitaji mapema ni daktari wa kulichunguza tundu la chini ya fuvu, mahali ubongo unapoungana na uti wa mgongo, kwani likiwa finyu mno huweza kumkatiza pumzi usingizini.

Je, Kiswahili kimemwandalia nini? Wako wanaomwita mbilikimo, jina walilobandikwa watu wa misitu ya Kongo, ambao hawana ugonjwa wowote. Wengine humwita kibeti, kwa kiambishi kile kile cha kudunisha. Ajabu ni kwamba sarufi yenyewe ina huruma kuliko wasemaji wake: husemwa "kibeti anasoma", wala si "kinasoma". Upatanisho umekwisha kukiri kwamba huyu ni mtu. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, nayo imempa mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha.

Hapo ndipo wajibu wa mwanafunzi na mhadhiri wa Kiswahili ulipo. Mfupa ni kazi ya tabibu. Jina ni kazi ya mwanalugha. "Mtoto mwenye kimo kifupi" ni maneno manne badala ya moja, lakini la kwanza miongoni mwayo ni mtoto.