Leicester na Daftari Letu la Ndoa

Shosti, kama mchumba wako yuko Ulaya na umeshaanza kuota theluji, kaa kwanza tupige hesabu. Mimi niliolewa na kijana wa Tabata mwenye pasi ya Uingereza, anaishi Leicester, mji ulio katikati ya nchi ile. Kabla sijaonja hata baridi yake, mji huo ulikuwa umeshatugharimu zaidi ya milioni 15 za Kitanzania.

Hizo ni karatasi tu, ndege bado. Tulipoomba viza ya mwenza mwaka 2025, ada ilikuwa pauni 1,938. Juu yake kuna tozo ya afya, ndiyo inayoangusha wengi kwa sababu hailipwi kidogokidogo, inatakiwa yote kwa mkupuo: pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa viza ya miezi 33 inafika 3,105. Bado kipimo cha kifua kikuu na mtihani wa Kiingereza. Tena kipato kinatazamwa: kwa maombi mapya sharti lilipandishwa Aprili 2024 kutoka pauni 18,600 hadi 29,000 kwa mwaka. Kwa hiyo yule kaka anayekuambia kwenye simu "mambo safi, we njoo tu", muulize kwa upole: safi kiasi gani?

Sisi tulikata harusi. Badala ya ukumbi na kadi mia tatu, tulialika watu arobaini nyumbani, pilau na soda, basi. Mama mkwe alinuna miezi miwili, na mashangazi wakasema nimeolewa kimyakimya kama nina kasoro. Iliuma. Lakini pesa ya ukumbi ndiyo iliyolipa tozo ya afya, na nikitazama picha zetu sioni kilichopungua zaidi ya keki.

Sasa mji wenyewe. Leicester hauna mbwembwe za London. Nyumba za matofali mekundu zimebanana mistari mirefu, na milango mingi inafungukia barabarani. Raha iko Belgrave Road, wanakoita Golden Mile: sari, dhahabu, vitamutamu vya Kihindi, harufu ya bizari mpaka kituo cha basi. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya mji huu ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Wakaja kwa maelfu, wengi na pauni kama 50 tu mfukoni, maana hawakuruhusiwa kutoka na zaidi. Leo muhogo wa kukaanga unauzwa huku, wenyewe wanauita mogo. Mzee mmoja wa duka la mboga, mzaliwa wa Jinja, nikimpa shikamoo huniongezea pilipili bure. Siku ya kwanza aliniona nimekodolea macho bei ya ndizi, akacheka: "Binti, usihesabu kwa shilingi, utalala njaa."

Nyumbani nako kuna vituko. Mume wangu alipokaa peke yake alipunguziwa robo ya kodi ya halmashauri. Nilipohamia tu, punguzo likafutwa! Gesi na umeme vina ada ya kila siku hata usipowasha jiko.

Lakini ugomvi wetu wa kwanza haukuwa wa gesi. Ulikuwa wa pesa za kutuma. Kwangu kuna mama, kwake kuna mdogo wake aliye chuo, na michango ya misiba haina ratiba. Kila mmoja alikuwa anatuma kimyakimya, mwisho wa mwezi tunatazamana. Sasa daftari lina mstari "Nyumbani", kiasi sawa kwa pande zote mbili, na kikiisha kimeisha. Chini yake kuna mstari "Miezi 33", na huo haguswi na mtu: viza ikifika mwisho tunaomba upya, ada na tozo tunalipa tena, na ukaazi wa kudumu, ambao nao una ada yake, ni baada ya miaka mitano.

Mwezi uliopita shemeji aliomba kompyuta. Tulifungua daftari, tukampigia wote wawili, simu kwenye spika, tukamwambia asubiri mpaka Machi. Alikata simu bila kuaga. Jumapili akatuma ujumbe: "Poa, Machi."