Mvua ya Kwanza

Pengine, msomaji, umepata kuamka mwezi wa Machi hali moyo wako ni mzito pasipo sababu uwezayo kuitaja. Kaskazi imekufa, kusi haijaanza kuvuma, vumbi limelala juu ya majani ya mwembe, na hata salamu ya jirani yakuudhi. Usiidharau hali hiyo. Urafiki wa miaka mingi huweza kuvunjika kwa jibu moja la siku kama ile.

Matone ya kwanza ya masika yakianguka, toka nje ukanuse udongo. Harufu ile, ambayo wataalamu wawili wa Australia waliipa jina mwaka 1964, hutokana kwa sehemu na bakteria waishio ardhini, na pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo kupita kiasi. Mimi huiamini kuliko maneno mengi ya kufariji. Usiku kumbikumbi huizunguka taa, na watoto, bila ya kutumwa na mtu, huja na beseni la maji kuwatega. Chai ya tangawizi nayo haina mfano bati likipigwa na mvua.

Jirani yule yuko nje anakinga maji ya paa, na ndoo zake hazitoshi. Mpelekee yako.