Ushuhuda wa Jana Jioni

Katika mikutano ya Walokole niliyokulia huko Buhaya, mtu hakusimama kusimulia alivyokuwa mwovu zamani. Alisimama kusema alichofanya jana. "Bwana asifiwe," angeanza, nasi tungeitikia, kisha yangemtoka: jana jioni nimemtukana mke wangu kwa sababu ya mbuzi aliyeingia migombani, juzi nimeuza kahawa, na chini ya gunia nilitia mbovu. Mke mwenyewe yumo humo humo, amekaa mkekani, na ikitokea bahati mbaya mnunuzi naye yumo. Sisi watoto tulibana vicheko kwa viganja. Watu wazima hawakushtuka. Mtu akimaliza walimwimbia wimbo wa Tukutendereza, kwa Kiganda kama ulivyo, wakamkumbatia, akakaa, akasimama mwingine.

Wimbo huo ulivuka mpaka pamoja na uamsho wenyewe wa Walokole, miaka ya 1930 ikielekea ukingoni. Chimbuko lilikuwa Gahini, mashariki mwa Rwanda, penye hospitali ya misheni ya Waanglikana, na Kampala, ambako mwaka 1929 daktari Mwingereza wa Gahini, Joe Church, alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wakakaa kusoma Biblia na kuomba pamoja, kila mmoja akikiri kwamba amekauka. Tuukumbuke wakati wenyewe: Mzungu kukiri upungufu wake mbele ya Mwafrika halikuwa jambo la kila siku. Nadhani hapo ndipo uamsho wote ulipoegemea, kwamba mbele ya msalaba hakuna wa kumwongoza mwenzake akiwa amejifunika.

Babu yangu aliokoka kabla sijazaliwa. Alikuwa karani wa mizani ya kahawa, na mizani ile aliijua kuliko walivyoijua wakulima. Bibi alinisimulia kwamba baada ya kutubu alitembea nyumba kwa nyumba na daftari, akirudisha alichowapunja. Wengi walipokea, wengine wakamcheka. Mjane mmoja alizikataa fedha. Alimwambia shilingi hizo sasa hazinunui kile ambacho zingenunua mwaka ule mtoto wake alipofukuzwa shule kwa ajili ya karo. Akitaka msamaha wake, aje kila msimu ambebee kahawa hadi mizani. Babu akambebea, msimu kwa msimu, mpaka mama yule alipofariki. Nilipokuwa mdogo niliwaona wakiongozana, yeye mbele na fimbo, babu nyuma na gunia, wakizungumza habari za mvua. Mungu alikwisha kumsamehe siku ile ile alipopiga magoti, hilo babu hakulitilia shaka. Lakini hakuona kwamba hilo linamwondolea gunia begani.

Sitaki kuwafanya malaika. Walikuwa na ukali wao. Walihukumu pombe ya rubisi, walihukumu nywele za wasichana, na ndugu aliyekaa kimya wiki nyingi bila ushuhuda alianza kutazamwa kwa jicho la pembeni, kana kwamba kukosa dhambi ya kutaja nako ni dhambi. Uganda likatokea kundi la Bazukufu lililokataza hata mikopo. Watoto wa wakulima waliosomeshwa kwa mkopo wa kahawa tungekuwa wapi?

Halafu vita vikaja. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakalikalia eneo la Tanzania lililo kaskazini mwa Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Watu wa Missenyi waliokimbia walipita kwetu na magodoro kichwani. Wengine walilala jikoni mwetu, kati ya mafiga na kuku. Mikutano iliendelea, ila kitu kimoja kilibadilika bila mtu kukitangaza: Tukutendereza ukanyamaza. Kiganda kilikuwa kimegeuka lugha ya waliotuchomea nyumba.

Februari 1979 jeshi letu likaingia Masaka, na mji ule ukabomolewa kulipiza kisasi cha Kagera. Kijijini ilikuwa shangwe. Alhamisi iliyofuata babu akasimama mkutanoni. "Ndugu, niliposikia Masaka imebomolewa, moyo wangu ulicheka. Na kule kuna watoto." Mtu mmoja akamkatiza kwa hasira kwamba wametuulia watu. Babu akasema anajua, naye hakuja kuwatetea, amekuja kusema kuhusu moyo wake. Hakuna aliyeinuka kumkumbatia. Mwanamke mmoja wa Missenyi, aliyekuwa akilala kwetu, alijifunga kanga upya akatoka nje. Babu akauanzisha wimbo mwenyewe, kwa Kiganda, kwa sauti mbaya aliyokuwa nayo. Waliomfuata walikuwa wachache, nao walimfuata taratibu.

Miaka mingi baadaye nilikutana na kitabu cha Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mtu wa uamsho ule ule, aliyeikimbia Uganda mwaka 1977 baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum. Anwani yake ni I Love Idi Amin. Kwa mtoto wa Kagera jina hilo lilikuwa kofi. Kumbe ndani yake Kivengere alikuwa akifanya kile kile alichofanya babu: kukiri kwamba chuki imeanza kuota ndani yake, naye hawezi kuing'oa peke yake.

Siku hizi ushuhuda una jukwaa na kipaza sauti. Nimekaa Dar es Salaam muda wa kutosha kuusikia wa kila aina: nilikuwa mlevi, leo nina maduka, nilikuwa sina chochote, leo nimejenga. Simkatalii mtu baraka zake. Lakini dhambi zote zimehamia wakati uliopita, na anayeanguka leo hana mahali pa kusemea.

Baba yangu mdogo aliligundua hilo mapema. Pombe ilimshinda, akaokoka, ikamshinda tena. Jumapili moja alipanda jukwaani kwenye kanisa aliloalikwa akaanza: "Bwana Yesu asifiwe, jana usiku nimekunywa." Mhudumu alikipokea kipaza sauti kwa tabasamu, kwaya ikaingia. Hakurudi pale. Alirudi Bukoba.

Wazee waliobaki wa ule mkutano wanakutana bado siku ya Alhamisi, sebuleni kwa mmoja wao, nao hawazidi benchi mbili. Baba mdogo anakaa nao. Huanguka, husema, huimbiwa. Siku hizi huanguka kwa nadra, ingawa mwenyewe hapendi tumhesabie. Mwezi uliopita alikiri kwamba ameuza toroli la jirani aliloazima, na fedha zimekwisha. Walimwimbia, wakamkumbatia, kisha mzee mwenye nyumba akaomba kalamu. Wamechanga nusu ya bei. Nusu iliyobaki anailipa yeye kwa kupalilia kibanja cha jirani, na jirani, ambaye si Mlokole wala hana mpango wa kuwa, amemtaka aanzie upande wenye magugu mengi.